Atakayekwambia Usimwambie Mamako

Wajukuu zangu wa Makadara, na nyinyi wa Kuze, Kibokoni na Bondeni mnaopita hapa jioni kwenda uwanjani, nina neno nanyi. Wanaokusanya vijana kwenda kuua hawajaisha mji huu wa Mombasa. Wamepunguza kelele tu. Zamani walihubiri mchana, spika zikasikika hadi barabarani. Siku hizi wanakufuata ndani ya simu usiku, nyumba nzima imelala.

Wala hatakujia na bunduki. Atakujia na maneno ya kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Atakwambia kwa miaka mingi kijana wa Pwani akienda kutafuta kitambulisho aliulizwa mpaka makaratasi ya babu yake. Kweli. Atakwambia wako watu waliozaliwa juu ya ardhi, wakazika wazee wao papo hapo, na hadi leo wanaitwa maskwota. Kweli. Bandari iko mlangoni pako, nawe unashinda maskani na cheti chako cha kidato cha nne mfukoni. Kweli. Atakuonyesha video ya watoto wa Gaza wakitolewa kwenye vifusi, utalia, na una haki ya kulia. Mimi sitawaambia kuwa hayo ni uzushi, kwa sababu mzee anayemkatalia kijana machungu anayoyaona kwa macho yake hasikilizwi tena. Uongo wa mtu huyu unaanza neno linalofuata: kwamba dawa ya machungu hayo ni wewe kwenda kumuua mtu usiyemjua, na kwamba habari hii ibaki baina yenu wawili. Mamako asijue. Mwalimu wako wa chuo asijue. 

Lishikeni hilo la siri kuliko yote nitakayosema. Mji huu una desturi ya kugombana hadharani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hakuridhika na mengi, ya wakoloni na ya Waislamu wenzake, na mwaka 1930 akaanza kutoa Sahifa, kisha 1932 akatoa Al-Islah, akayasema kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akasoma aliyependa na aliyechukia. Maneno yake yalikuwa makali. Lakini yalikuwa na jina lake juu yake, na aliyetaka kumjibu alijua pa kumpata. Huyo anayekuandikia saa saba za usiku kwa jina la kubuni, nani atamjibu?

Na msidhani mchezo huu umeletwa na dini. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 1997, basi sikilizeni. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Vijana wa Kidigo, wengine hawana hata nauli ya matatu, walikusanywa katika msitu wa Kaya Bombo kule Kwale, wakalishwa kiapo cha siri, wakaambiwa risasi haitawaingia. Waliambiwa kazi zao na ardhi yao vimechukuliwa na watu wa bara, na kwamba wakiwafukuza vitarudi. Usiku wa tarehe 13 Agosti wakavamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, kisha wakaingia majumbani. Watu zaidi ya 100 walikufa na zaidi ya 100,000 wakahama. Waliovuka feri na magodoro kichwani walipita katika mji wetu huu huu. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja ikasikiliza ushahidi, majina yakatajwa. Mwanasiasa aliyefungwa kwa damu ile hayuko. Na wale vijana? Risasi iliwaingia. Waliopona wakakamatwa na kupigwa, na ile ardhi waliyoahidiwa hawakuiona. Uchaguzi ulipokwisha, waliowatuma hawakuwajua tena.

Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Novemba 2002, gari la mabomu likaingia hoteli ya Paradise, Kikambala. Waliopanga shambulio hilo walisema wanawalenga Waisraeli. Waisraeli watatu walikufa, wawili kati yao watoto. Wakenya walikufa kumi, na baina yao walikuwa wacheza ngoma wa Kigiriama waliosimama mlangoni kupokea wageni. Huwa nawafikiria sana wale wachezaji. Hakuna dhuluma ya Pwani iliyopungua hata kwa upana wa kidole siku ile. Hoteli zilikosa wageni, na watoto wetu waliokuwa wapishi na madereva wakarudi nyumbani.

Pengine mtasema, bibi, hayo ni ya wajinga na maskini. Sivyo. Mmoja wa waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu kule Mandera. Babake alikuwa ameshaiambia serikali kuwa mwanawe hajulikani aliko. Fikirini mzazi yule alivyopata habari. Tena si wavulana tu: mwezi Septemba 2016 wanawake watatu waliovaa buibui waliingia kituo kikuu cha polisi cha Mombasa, si mbali na hapa tulipo, kwa kisingizio cha kuripoti simu iliyoibwa, wakatoa kisu na bomu la petroli. Wote watatu waliuawa palepale. Na ukitaka kujua kuwa siri ile ile hutumiwa na kila mwenye nia mbaya, awe wa dini gani, tazama msitu wa Shakahola mwaka 2023: mhubiri aliwatenga wafuasi wake na jamaa zao, akawatoa watoto shuleni, akawaambia wafunge mpaka wafe. Imefukuliwa miili zaidi ya 400.

Sasa nije Majengo, kwa sababu najua ndiko fikra zenu zilikokwenda tangu nilipoanza. Mhubiri Aboud Rogo alipigwa risasi ndani ya gari mchana kweupe tarehe 27 Agosti 2012, mkewe akajeruhiwa. Mwenzake, Abubakar Shariff, mliyemwita Makaburi, aliuawa nje ya mahakama ya Shanzu tarehe 1 Aprili 2014. Hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Sikubaliani na waliyoyahubiri, na nasema waziwazi kuwa mafunzo yao yamewafikisha watoto wa watu makaburini. Lakini mtu mwenye kesi huhukumiwa na hakimu, hauawi na watu wasiojulikana. Mwezi Februari mwaka ule wa 2014 polisi waliingia Masjid Musa, msikiti wa Majengo, na viatu vyao, wakakamata watu zaidi ya 100 kwa mkupuo, na baina yao watoto. Anayemchukua kijana usiku asimfikishe kortini anamfanyia kazi yule msajili. Amempa hotuba ya mwaka mzima bila ya kumlipisha.

Lakini iko damu ya tatu, na hiyo hamuitaji mnapokaa maskani. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alikuwa akisema kuwa vijana wanapotoshwa. Vijana hao wakampinga mpaka akaondoka Masjid Sakina. Aliendelea kusema, kwa jina lake na sura yake, huku akijua anatishwa. Tarehe 10 Juni 2014 akapigwa risasi Likoni karibu na nyumbani kwake. Ndiye aliyekuwa akisoma nanyi Kurani, akiwaozesha dada zenu na kuwazika babu zenu. Ukimlilia Rogo usimlilie Idris, basi jiulize ni nani aliyekufundisha kuchagua machozi.

Mama mmoja wa mtaa huu, simtaji na msimtafute, mwanawe alimwambia anakwenda Lamu kufanya kazi ya boti. Alikuwa ameshapimwa kanzu ya Idi kwa fundi. Baada ya miezi simu ikalia, nambari ngeni, yeye mwenyewe, anauliza kama ile kanzu imetolewa kwa fundi au bado. Hakusema aliko. Mamake akamwambia imetolewa, njoo uivae. Akanyamaza, kisha laini ikakatika. Simu iliyofuata alipiga mtu mwingine, Kiswahili chake kizuri kabisa, akasema: mama, hongera, mwanao amepata shahada. Akampongeza! Mama akauliza amezikwa wapi. Yule mtu akakata. Mama yule hakuweka matanga wala hakusoma hitima kwa sauti, kwa kuogopa majirani na kuogopa polisi. Msajili aliyemchukua mwanawe ana watoto wake, nao wanakwenda shule.

Mtaniambia mahakama ni za wenye pesa. Si kila siku. Mwaka 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliiambia serikali kuwa amri yake ya kupiga marufuku MRC, yaani Mombasa Republican Council, haikufuata Katiba, na MRC walikuwa wakisema Pwani si Kenya. Mwezi Aprili 2015, baada ya Garissa, serikali iliwatia watetezi wa haki za binadamu, MUHURI na HAKI Africa, katika orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, ikafunga akaunti zao za benki. Hawakuingia msituni. Walikwenda Mahakama Kuu, na kabla ya mwaka kwisha Jaji akaamuru akaunti zifunguliwe. Ni njia ndefu, ya kuchosha, yenye kuahirishwa kesi kila mara, na nyinyi hamna subira. Lakini aliyepita njia ile analala nyumbani kwake, na anaendelea kuwasemea waliopotezewa watoto.

Basi wewe unayesoma haya na tayari kuna mtu anakuandikia. Usibishane naye, maana kazi yake ni kubishana na anakushinda maarifa. Chukua aliyokwambia, neno kwa neno, umpelekee mtu mzima unayemwamini: mwalimu wa chuo, imamu, shangazi, mjomba. Sema: nimeambiwa hivi, ni kweli au si kweli? Akikukemea bila ya kukujibu, nenda kwa mwingine. Na nyinyi wazee wenzangu wa barazani, kijana akija na swali la jihadi msimfukuze kwa sauti mkampeleka moja kwa moja kwa yule anayelingojea swali lake. Kaeni naye mpaka kahawa ipoe. Maimamu wafungue darsa ambazo kijana anaweza kuuliza akapinga, akajibiwa kwa kitabu.

Rafiki yako akianza kuwaita wazazi wake makafiri, akaacha kuswali na jamaa zake, akauza simu yake na pikipiki kwa haraka, akakuachia deni lake bila ya sababu, usimtunzie siri. Mwambie mamake leo, hata akikununia. Akikununia yuko hai.

Na ikiwa ameshavuka mpaka, mzazi asikate ile nambari. Akipiga asimlaani, amuulizie afya yake, amwambie mlango uko wazi. Wako waliorudi, serikali ilitangaza msamaha mwaka 2015 baada ya Garissa, na wengine walirudi kimyakimya. Lakini kurudi kimyakimya kumewaua baadhi yao, maana waliowaacha kule hawasamehi na hapa hakuna aliyejua kuwa wako. Kwa hiyo asipokewe gizani na mamake peke yake. Atafutwe wakili kwanza, aitwe imamu, waende ofisi za haki za binadamu, na kila aliyeshuhudia aandike jina lake, siku na saa. Katiba, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa. Hesabuni saa hizo mkiwa mlangoni pa kituo, wengi kwa pamoja, na msiondoke mpaka mjue amepelekwa mahakama gani.