Wavivu wa Farao

Somo: Kutoka 5:1 – 6:9

Wana wa Israeli walipoomba ruhusa ya safari ya siku tatu wakamwabudu Mungu wao, Farao hakusema kwamba kazi imebana. Alisema ni wavivu. Akaondoa majani ya kufyatulia matofali, idadi ya matofali akaiacha palepale, na hesabu ilipopungua wanyapara wakapigwa. Wanyapara hao walikuwa Waisraeli wenyewe. Tusilipite hilo haraka, maana supavaiza anayemtukana mtu mchana huenda naye ametukanwa kwenye kikao cha asubuhi. Hilo halimsafishi. Linatuonyesha tu kwamba fimbo ilianzia juu.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya mama mmoja mshirika wetu hapa Igoma, aliyeniruhusu niseme habari zake bila kumtaja. Ni mtunza stoo. Bosi wake humsomea makosa yake mbele ya vibarua, humwita "mama maombi" akikawia kujibu, humwandikia saa tano usiku kwenye grupu la WhatsApp la kazini ili wote waone, na barua za kumtaka ajieleze zimejaa bahasha nzima. Asubuhi anapanda daladala stendi, anashuka kituo kimoja kabla ya kazini, anatapika kando ya barabara ya Musoma, anasukutua kwa maji ya chupa, kisha anamalizia kwa miguu. "Mchungaji," aliniambia, "honi ya gari lake ikilia getini, tumbo linakata."

Alipokwenda hospitali malaria haikuonekana. Presha ilikuwa juu, usingizi hana. Daktari alipomuuliza habari za kazini, akalia. Akapewa ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, ya siku saba, na barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Bugando. Ile ED akaikunja mara nne, akaiweka nyuma ya kava la simu. Hakuipeleka kazini.

Alimwogopa bosi, hilo linaeleweka. Lakini alituogopa na sisi. Wenzake wa kikundi cha maombi walishamwambia kwamba msongo wa mawazo ni imani kupungua, afunge na kuomba. Mmoja akamsomea habari za Hajiri, kijakazi aliyemkimbia bibi yake naye akaambiwa na malaika arudi akanyenyekee. Andiko hilo lipo, Mwanzo 16. Ila anayelisoma aendelee mpaka sura ya 21. Hajiri anatoka tena katika nyumba ileile, safari hii amefukuzwa, maji yamemwishia nyikani na mtoto anakaribia kufa. Mungu anamfumbua macho akione kisima, wala hamwambii arudi kwa Sara. Mtoto anakulia hukohuko nyikani. Kumkabidhi mtu nusu ya kwanza ya habari na kuificha ya pili ni kumsaidia bosi kwa Biblia, na mimi sioni neno la upole zaidi la kuliita jambo hilo.

Turudi Kutoka, sura ya 6, mstari wa 9. Musa anawaletea watu ahadi kubwa kuliko zote: mtatolewa, mtakuwa watu wangu. Hawakumsikiliza. Mwandishi anataja sababu, nayo si kiburi wala ukosefu wa imani. Ni uchungu wa roho zao na ukali wa kazi. Mtu aliyepondwa kazini anaweza kukaa ibadani saa mbili bila hata neno moja kumwingia. Na Mungu hakuwakemea kwa kutosikia. Alimwambia Musa aende kwa Farao.

Sisi wa Igoma tunaishi jirani na makaburi ya ndugu zetu waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Watu waliuliza habari za mzigo, na ni nani aliyeruhusu upakiwe. Kwa nini mfanyakazi akizama tunamuuliza yeye tu?

Tena kupumzika mtu akiugua ni haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Sheria imesema ugonjwa, haikusema ugonjwa unaoonekana kwa macho. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida haifikii likizo hiyo yenye malipo, na wapo vibarua kati yetu ambao huachwa kabla ya hapo. Kwao msaada utoke kwetu, unga na nauli.

Najua siku saba hazimbadilishi bosi. Farao naye hakubadilika kwa siku saba. Lakini mtu akilala usingizi, anaweza kukaa akaandika: tarehe gani, alisema nini, nani alikuwepo. Na asiandike barua ya kuacha kazi usiku akiwa na hasira. Mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mtu akaondoka, sheria inaweza kuhesabu kwamba ameachishwa, na madai ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Barua ya "naacha kwa hiari yangu" huharibu mengi.

Jumatatu ile ED ilifika ofisini mkononi mwa kaka yake, naye alidai nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mama yupo nyumbani. Kikundi cha maombi kimeombwa kimpelekee chakula na kisimuulize lini atarudi.

Alhamisi baada ya ibada ya jioni, mzee wa kanisa aliyewahi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi atakaa ofisini kwangu. Mwenye jambo kama hili aje na mkataba wake, hati za mshahara na barua alizoandikiwa. Asiye na mkataba aje vilevile.