Bawabu Asiyeiona Nia

Huenda umewahi kuona, ofisini au dukani, kompyuta ikitoa onyo kwamba imekamata kitu cha hatari, na fundi aliyekaa mbele yake akatikisa kichwa akisema: "Hiki si virusi, ni chombo changu cha kazi." Programu ya kukinga virusi inasema hatari, fundi anasema kazi, wala hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Basi yatupasa tujiulize: imekuwaje kitu kimoja kiwe halali na kiwe cha kushukiwa kwa wakati mmoja? Na je, kukishuku ni kukidhulumu?

Swali hili haliwahusu mafundi peke yao. Ni swali la zamani juu ya chombo, mkono unaokishika na nia iliyo moyoni mwa mwenye mkono, nalo leo limetufikia kwa njia ya kompyuta.

Vyombo vyenyewe

Tutazame mifano miwili. Mwaka 1995 mtu aliyejiita Hobbit alitoa programu ndogo iitwayo Netcat. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta mbili na kupitisha data kutoka hii hadi ile, kama bomba lipitishavyo maji. Fundi huitumia kujaribu kama mlango fulani wa mtandao uko wazi, kuhamisha faili, au kutafuta mahali mawasiliano yalipokatika. Lakini bomba hilohilo laweza kufungwa kwenye sehemu ya kompyuta inayopokea amri, na mtu aliye mbali akaitawala mashine kana kwamba amekaa mbele yake.

Mfano wa pili ni PsExec, iliyotungwa na Mark Russinovich, ambayo tangu mwaka 2006 imo mikononi mwa kampuni ya Microsoft. Msimamizi mwenye mamia ya kompyuta hawezi kuzunguka chumba hadi chumba kila panapohitajika matengenezo. Kwa PsExec hukaa mahali pamoja, akatoa neno la siri la msimamizi, na amri yake ikatekelezwa kwenye mashine iliyo mbali. Ni nafuu kubwa kwa mtu mwaminifu.

Sasa tazama yaliyotokea Juni 2017. Programu ya uharibifu iliyopewa jina la NotPetya ilianzia Ukraine, ikipenyezwa kwa njia ya programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, kisha ikasambaa hadi nchi nyingine. Mbali na kutumia kasoro za mfumo wa Windows, iliiba maneno ya siri yaliyokuwamo katika kumbukumbu ya mashine, kisha ikatumia PsExec hiyohiyo kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilikadiria kwamba ilipata hasara ya dola milioni 200 hadi 300. Nayo PsExec haikufanya lolote ila lile iliyotengenezwa kulifanya: ilimtii aliyekuja na neno la siri la mwenyewe.

Bawabu na mipaka yake

Programu ya kukinga virusi ni mfano wa bawabu aliyewekwa mlangoni. Bawabu huyu ana njia mbili za kuwajua wageni. Ya kwanza ni kutazama sura: anayo orodha ya alama za programu zilizokwisha julikana, na kila faili iingiayo huilinganisha na orodha hiyo. Ya pili ni kutazama mwenendo: programu hii inafungua mlango wa siri? Inagusa mahali pa kuhifadhia maneno ya siri? Inajaribu kutoa amri kwenye mashine nyingine? Dalili ya mvua ni mawingu, na bawabu hutahadhari kwa kuona mawingu kabla tone la kwanza halijadondoka.

Lakini hapana hata moja katika njia hizi mbili iwezayo kuonyesha nia. Netcat ya fundi na Netcat ya mwizi ni kitu kimoja, herufi kwa herufi. Mwenendo nao ni mmoja, kwani msimamizi na mwizi wote wawili hutoa amri kutoka mbali. Tofauti iko nje ya programu: ni nani aliyeileta, kwa idhini ya nani, na kwa kusudi gani. Mambo hayo hayakuandikwa ndani ya faili, na bawabu hana pa kuyasoma.

Aidha, wezi wanalijua hili. Kwa nini mwizi ajisumbue kuunda mtaimbo mpya ilhali upo ulio tayari, uliojaribiwa, na unaoaminiwa na wenye nyumba? Ndiyo maana aghalabu huja na vyombo vya mafundi mfukoni, au hutumia vile alivyovikuta ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee wetu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kinga wamelazimika kuweka daraja la tatu, lisilo la wema wala la waovu. Kampuni ya Kaspersky huvipa baadhi ya vyombo hivi majina yanayoanza kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "si virusi", na bado ikavitolea onyo. Kampuni ya ESET ina kundi la programu zinazoweza kuwa si salama, na mwanzoni huacha utambuzi wa kundi hilo ukiwa umezimwa, hadi mwenye kompyuta mwenyewe aamue kuuwasha. Yaani bawabu anamwendea mwenye nyumba na kumwuliza: "Huyu yuko ndani. Je, unamjua?"

Onyo la namna hiyo ni swali. Kosa letu sisi ni kulichukua kuwa hukumu.

Hukumu ya chombo

Wanazuoni wa fikihi walizungumza mas-ala ya namna hii karne nyingi kabla ya umeme. Waliuliza: ni ipi hukumu ya kumwuzia mtu silaha wakati wa fitina, au kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa hutengeneza mvinyo? Hawakukubaliana katika kila tawi la jambo hilo. Wako waliomzuia muuzaji iwapo anaijua nia ya mnunuzi, na wako waliosema kwamba dhambi ni ya yule atakayeigeuza zabibu. Lakini mjadala wao wote ulihusu watu, ujuzi wao na makusudi yao. Zabibu yenyewe ilibaki halali.

Sheria za leo zimepita njia iyo hiyo, ingawa kwa kujikwaa. Mkataba wa Uhalifu wa Mtandao, uliotiwa saini mjini Budapest mwaka 2001, unazungumzia katika kifungu chake cha 6 utengenezaji na usambazaji wa vyombo vya kuvunjia mifumo ya kompyuta. Lakini kifungu hichohicho kinamtoa katika lawama mtu anayevitumia kupima au kulinda mfumo kwa idhini. Ujerumani ilipoongeza kifungu cha 202c katika sheria yake ya jinai mwaka 2007, mafundi wa usalama waliogopa kwamba vyombo vyao vya kila siku vingewapeleka gerezani, na baadhi yao wakaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2009 Mahakama hiyo haikuyapokea malalamiko yao, lakini ilieleza jambo lililowatuliza: programu haiingii katika kifungu hicho kwa sababu tu yaweza kutumiwa vibaya, sharti iwe imetengenezwa au kurekebishwa kwa kusudi la kutenda uhalifu.

Na yako pia ya watu kuhukumu kwa jina. Mwaka 1995 Dan Farmer na Wietse Venema walitoa programu ya kutafuta matundu ya usalama katika mitandao, wakaipa jina la SATAN. Hofu ikazuka, na Farmer akapoteza kazi yake. Ndani ya programu hiyo waliweka amri ndogo iitwayo "tubu" kwa Kiingereza, ambayo ukiitumia jina lilibadilika likawa SANTA. Kazi ya programu haikubadilika hata kidogo. Leo kupima mtandao kwa namna hiyo ni kazi ya kawaida, na taasisi zenye kujali amana za watu huwalipa mafundi waifanye.

Wajibu wa mwenye nyumba

Fundi ana haki ya kulalamika. Kinga ikifuta chombo chake katikati ya matengenezo, kazi husimama na watu huumia. Tena bawabu anayepiga kelele kwa kila mpita njia humzoesha mwenye nyumba kutosikia, na siku mwizi anapokuja kweli, kelele ni ileile na sikio limekwisha ziba.

Lakini dawa yake si kumfukuza bawabu. Mwenye kuzima kinga yote kwa sababu ya onyo moja amefungua milango yote ili apitishe mgeni mmoja. Njia ya uadilifu ni kujibu swali lililoulizwa. Chombo hiki kimetoka wapi, na je, kina saini ya kidijitali ya mtengenezaji wake? Nani aliyekileta kwenye mashine hii, na kwa idhini ya nani? Kazi itakwisha lini, ili kiondolewe? Majibu yakipatikana, chombo hicho kimoja kiruhusiwe mahali hapo pamoja, na iandikwe. Yasipopatikana, hata kama chombo ni safi kama theluji, kuwepo kwake ni habari mbaya; kwani huenda kilichoingia nyumbani ni mkono usioujua.

Ndugu msomaji, nataka uligeuze jambo hili ulitazame upande wa wanadamu. Yuko kijana mtaani mwenye kujua kompyuta. Likitokea wizi wa fedha za simu, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Yuko fundi wa makufuli ambaye kila nyumba ikivunjwa hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tumewaona wana chombo, tumekwisha wahukumu. Tumefanya kama ifanyavyo mashine, tena tumepita mipaka yake, kwani mashine angalau hutuletea swali.

Mashine ina udhuru. Haikupewa moyo wa kupima, wala ulimi wa kumwuliza mtu habari zake, wala miaka ya kuishi naye jirani na kuijua amana yake. Sisi tumepewa yote hayo. Atakayemhukumu mwenzake kwa kile alichokishika tu, bila kuuliza na bila kuchunguza, ataulizwa alikifanyia nini alichopewa.