JE, SADAKA INASAFISHA FEZA CHAFU?



Katika mji wa Chicago, kule Marekani, alikuwako mtu jina lake Dean O'Banion, aliyezaliwa mwaka 1892. Utotoni aliimba katika kwaya ya Holy Name, kanisa kuu la Wakatoliki. Kuanzia 1920 sheria ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Yeye akaiuza kwa magendo, akawa mkubwa wa kundi la wanyang'anyi. Tena alikuwa na duka la maua, mbele ya kanisa lile lile alimoimba.

Mtu huyu aliwasaidia maskini, nao walimsifu. Lakini feza ile ilitoka katika wizi na damu. Tarehe 10 Novemba 1924 watu 3 waliingia dukani. Mmoja alimshika mkono kama kumsalimia, asimwachilie, naye akapigwa risasi. Siku ya maziko magari zaidi ya 20 yalibeba maua, mengine ya adui zake. Wakubwa wa Kanisa walikataa asisomewe misa. Mwaka 1926 aliyemrithi, Hymie Weiss, aliuawa karibu na kanisa hilo, risasi zikapiga ukuta wake. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 wa upande wao waliuawa garajini.

Ndugu, kumkataa maiti ni rahisi. Kumwambia mtu kweli angali hai na mkono wake umejaa, hapo ndipo pagumu.

Mimi shemasi ninahesabu matoleo. Siku moja mtu alileta bahasha nene. Wote tulijua kazi yake. Sisi tulikuwa na deni la mabati. Nilipiga makofi pamoja na wengine, wala sikumwendea jioni kumwambia neno. Tulipokea feza yake, tukaiacha roho yake ipotee. Zamiri yangu inanihukumu mpaka leo.

Wengine wanasema: maskini aliyeshiba haulizi mkate umetoka wapi. Ni kweli, yeye hana kosa. Lakini aliyeibiwa naye ni maskini, naye bado analia. Zakayo hakuwapa maskini tu. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadanganya. Sadaka isiyorudisha cha watu na isiyoacha zambi ni kununua kimya chetu.

Basi tusimfukuze anayetoa. Tumpende kuliko bahasha yake, tumwulize.

Amina.

Shemasi wenu