Siri na Jirani

Huko Usukuma, kusini ya ziwa Victoria, kiko chama cha wacheza nyoka kiitwacho Buyeye. Aingiaye hupewa mafundisho ya siri: namna ya kumshika nyoka, mizizi waiaminiyo juu ya sumu yake, na ngoma wachezayo pamoja na chatu. Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946.

Nasi twauliza: je, ni haki mtu kuificha dawa?

Tusihukumu upesi. Kisu kikali hakiachwi mkononi mwa mtoto, wala dawa kali haimwagwi sokoni. Siri ya namna hii ni ulinzi. Lakini mtu akiumwa na nyoka shambani, na mwenye dawa akamwuliza kwanza, "Je, u mwenzetu?", hapo siri imekwisha kuwa biashara, na roho ya mtu imetiwa mizanini. Mwaka 1894, mjini Paris, Albert Calmette alitangaza hadharani dawa ya sumu ya nyoka, na wengine wakajifunza kuitengeneza. Maarifa yake hayakupungua kwa kugawanywa.

Walakini tujitazame na sisi Wakristo. Wako wawalaumuo Wayeye mchana, na usiku huwaendea kwa mlango wa nyuma. Hiyo nayo ni siri, tena mbaya zaidi, maana hailindi kitu ila jina letu.

Basi kila siri tuipime hivi: yamlinda nani? Ikimlinda jirani, na ikae. Ikitulinda sisi, jirani akiangamia, tuifunue.