Mkanda Uliombana Mama



 Niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na mapaji ya Roho Mtakatifu, lakini naomba tuyaweke pembeni kidogo. Leo nina jambo la mkanda wa gari. Ndiyo, mkanda huu huu tunaoufunga haraka haraka tukimwona trafiki kwa mbele. Usicheke, nisikilize kwanza. Na mama amenipa ruhusa niandike.

Mwezi uliopita tulisafiri mimi na mama kutoka Morogoro kwenda Iringa. Binti wa mama mdogo alikuwa anaweka nadhiri za daima, na mama alisema hata kama ni kwa baiskeli atafika. Nikaazima gari la kaka, gari dogo la mtumba. Mama alipokaa siti ya mbele, mkanda ukagoma. Anauvuta, unakwama. Akauvuta kwa nguvu, ndiyo kwanza ukakaza zaidi. Mimi sasa, dereva, mtu ninayejua kila kitu, nikamwambia, "Mama, lete." Nikauachia kidogo, nikauvuta polepole wote, mpaka mwisho kabisa, ili asibanwe, maana mama yangu ana mwili wake, Mungu asifiwe. Nikamfunga. Ukawa unarudi ndani kwa mlio wa tik, tik, tik. Nikaona kazi imeisha. Tukasali Salamu Maria tatu, tukaondoka.

Barabara ile mnaijua. Kila penye kijiji pana matuta. Kila tuta lilimrusha mama kidogo na kumrudisha kwenye siti, na kila aliporudi, mkanda ulichukua ile nafasi ndogo iliyobaki na haukuitoa tena. Mimi nilikuwa naongea tu, mara kwaya, mara uchaguzi wa viongozi wa vijana parokiani. Hifadhini Mikumi, mahali pa kwenda polepole, nikamwonyesha twiga. Akasema, "Nawaona, baba," bila kugeuza shingo. Nikadhani amechoka.

Tuliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, nikazunguka kumfungulia mlango. Jamani! Mkanda ulikuwa umemkaza kuanzia begani hadi kiunoni, kama gunia lililofungwa kwenye keria ya baiskeli. Shingoni kulikuwa na mstari. Alikuwa anapumua kwa kukatakata. Nikamwuliza, "Mama, mbona hukusema?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Nilidhani ndivyo ulivyo."

Nikaanza kuuvuta ule mkanda kwa hasira. Haukusogea hata kidogo. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anakunywa chai pale pembeni akaja akanishika mkono. "Dogo, usishindane nao. Mfungue mama kwanza. Uachie urudi wote ndani mpaka uishe. Halafu vuta upya, taratibu, usifike mwisho." Tukafanya hivyo. Mkanda ukatembea laini, kama siyo ule.

Yule baba akanieleza, na ninawapa kama alivyonipa, maana huenda ikakusaidia siku moja. Mkanda kukamata unapovutwa ghafla, au gari linapofunga breki, siyo ubovu. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukikukatalia, usiunyang'anye, uachie urudi kidogo, uvute polepole. Lakini kuna magari ambayo ukiuvuta mkanda mpaka mwisho kabisa unabadilika tabia, unakuwa wa kufungia kiti cha mtoto mchanga. Hapo unarudi tu ndani, hautoi tena, mpaka ufunguliwe na kuachiwa ujikunje wote. Na kama baada ya hapo bado unabana, ni wa kupeleka kwa fundi: pengine utepe umejisokota au umejaa uchafu, au kile chombo kinachoukunja kilifungwa upande gari liliponyooshwa. Wala usifanye ule ujanja wa kupitisha mkanda nyuma ya mgongo ili kengele inyamaze. Kengele itanyamaza kweli, lakini wewe hujafungwa.

Kwa hiyo aliyembana mama ni mimi. Kwa nia njema kabisa, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba mkanda huu wa kushika bega na kiuno ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, alipokuwa Volvo mwaka 1959, na kampuni ile ikaacha watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Kitu kilichotolewa bure ili watu waishi, kwangu mimi kikawa cha kumnyima mama pumzi.

Basi tukaanza kupanda Kitonga, nyuma ya malori, mwendo wa konokono. Mama alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Baba, na ile ya Komunyo nayo je?"

Sikuelewa. Nyumbani tumezoea kwamba mama hapangi mstari wa Komunyo. Tulijua ni miguu. Kumbe siyo miguu. Miaka mingi nyuma aliungama jambo fulani la ujana wake. Jambo lenyewe silijui, sikuuliza, na wewe usiulize. Alipotoka kwenye kiti cha maungamo akakumbuka kuna kitu hakukitaja. Alikisahau tu, hakukificha. Akamwuliza mtu aliyekuwa anafundisha dini wakati ule, naye akamwambia kwamba maungamo yote yale ni batili, na akithubutu kupokea Komunyo anakufuru. Akarudi kuungama. Akitoka tu, anakumbuka kingine. Akarudi tena. Kila akirudi, moyo unakaza zaidi. "Mwisho nikasema basi," akaniambia, "mimi nafasi yangu ni benchi."

Zaidi ya miaka ishirini, wapendwa. Kila Dominika yupo, Jumuiya yupo, Rozari yupo, na kila Dominika anabaki kwenye benchi anawapisha wengine wapite.

Nilitamani kusimamisha gari, lakini Kitonga huwezi kusimama ovyo. Nikamwambia ninachokijua, na ninakuandikia na wewe. Kanisa linafundisha kwamba ukiungama kwa moyo wa majuto, na dhambi fulani ukaisahau bila kukusudia, imesamehewa pamoja na zile nyingine. Ukiikumbuka baadaye, na ni kubwa, utaitaja utakapoungama tena. Lakini hukatazwi kupokea Komunyo kwa sababu ya kusahau. Kuficha dhambi kubwa kwa makusudi ni habari nyingine, hayo maungamo ni ya kurudiwa, na hapo sikupi njia ya mkato. Ila kusahau na kuficha siyo kitu kimoja, na aliyemfundisha mama alivifunga pamoja.

Ugonjwa huu wa dhamiri siyo wa mama peke yake. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliupata pale Manresa, Hispania, mwaka 1522. Alishaungama maisha yake yote, tena kwa maandishi, bado akawa anachimbua yaliyopita na kurudi kuungama, hana amani. Akafikia hatua ya kushawishika kujiua. Akagoma kula wiki nzima akidhani Mungu atamhurumia kwa njia hiyo, mpaka muungamishi wake akamwamuru ale. Alivuta kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo alivyozidi kubanwa. Alipona alipoacha kuyachimbua yale ya zamani. Ukisoma Waraka wa Kwanza wa Yohane, sura ya 3 aya ya 20, Mtume anatuambia kwamba hata moyo wetu ukituhukumu, Mungu ni mkubwa kuliko huo moyo. Mimi aya hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi tu. Sikuwahi kufikiria kwamba inamhusu mtu aliyekaa siti ya pembeni yangu.

Na nabii Isaya, sura ya 30 kuanzia aya ya 15, anawaambia watu wa Yuda waliokuwa wanahangaika kutafuta msaada wa Misri kwamba watapona kwa kurudi na kutulia. Wao wakakataa, wakataka farasi wenye mbio. Sisi vijana tunalijua hilo. Amri ikitubana tunavuta kwa nguvu, ikikataa tunafungua mkanda kabisa na kusema dini inabana. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, mwaka wa pili chuoni. Tulipokuwa tunashuka Kitonga siku ya kurudi, lori likasimama ghafla mbele yangu, nikafunga breki, mkanda ukanikamata kifua hasa. Siku hiyo sikulalamika.

Iringa tulifika jioni. Mama hakwenda kwanza kwa ndugu. Alimwomba sista mmoja amtafutie padre. Nilikaa nje kwenye ngazi, vitunguu vikiwa bado garini, nikahesabu Rozari mafumbo yote matano na bado hajatoka. Alipotoka alisema tu, "Twende tukale." Asubuhi yake, kwenye Misa ya nadhiri, alipanga mstari. Alikuwa wa mwisho kabisa, amejitanda khanga. Mimi nilikuwa na zamu ya kupiga picha za sista wetu, na niseme ukweli, sehemu ile sina picha hata moja.

Lakini sijamaliza. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23 aya ya 4, Yesu anawasema walimu wanaofunga mizigo mizito na kuwatwisha watu mabegani, na wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Mimi ni mwalimu wa Kipaimara. Mwaka juzi kuna kijana wa darasa langu aliniuliza, mbele ya wenzake, kama dhambi aliyoisahau imesamehewa. Nilitaka wawe makini na maungamo, darasa lilikuwa limejaa utani. Nikamjibu, "Kama hukuitaja, unayo." Wenzake wakacheka. Akakaa chini.

Tangu siku hiyo sikumbuki kumwona kwenye mstari wa Komunyo. Kipaimara alipokea, kisha akahamia Dodoma kwa masomo, na namba niliyokuwa nayo haipatikani. Nimewauliza rafiki zake, bado.

Mdogo wangu, kama unasoma hapa, utajijua. Nilikujibu vibaya, na nilikujibu kitu ambacho Kanisa halifundishi. Naomba unisamehe. Jumamosi nenda parokia iliyo karibu nawe, mwambie padre mwalimu wako alikosea, na umwulize swali lako upya. Na kama bado una hasira na mimi, niandikie. Nitasoma.