ZULIA LILILOKATWA LIRUDI MAHALI PAKE

Masomo: Walawi 14:33-48, Wagalatia 6:1





Sisi tunaovua viatu mlangoni mwa nyumba ya Mungu, miguu yetu ndiyo inayojua kwanza kwamba maji yameingia chini ya zulia. Juu linaonekana zuri. Chini sponji imekunywa maji na sakafu inanuka. Ndipo fundi anakamata kisu na kulikata, na wamama waliolichangia wanahuzunika. Lakini anakata apate kuponya. Tujifunze kwake namna ya kuponya ugomvi katika parokia zetu.

1. Maji yafungwe kwanza. Bati likiwa na tundu ao bomba likivuja ndani ya ukuta, kukausha sakafu ni kazi bure. Vilevile, maneno ya chinichini yakiendelea, sala ya mapatano haitadumu hata juma moja.

2. Sakafu ikauke kabisa. Sponji iliyolowa itolewe, sababu inashika maji siku nyingi, na ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 mpaka 48. Sementi nayo inaweza kuwa nyeupe juu, kumbe ndani ina maji. Fundi anaijaribu: anatandika plastiki, anaibandika pande zote, anaiacha mpaka kesho yake. Akikuta matone chini yake, anangoja tena. Katika Walawi 14 kuhani aliifunga nyumba siku 7 kabla ya kurudi kuitazama. Na ilipokwisha kutengenezwa kwa mawe mengine na chokaa nyingine, alikuja kuitazama tena. Basi tukiwapeanisha ndugu mikono mbele ya kusanyiko, na hakuna aliyeuliza kama deni limelipwa, tumetandika zulia juu ya maji.

3. Kipande kilekile kirudi. Wengine wanasema: kitupwe, tununue kipya. Lakini zulia limekanyagwa miaka mingi na rangi yake imepauka. Kipande kipya kitaonekana kiraka siku zote. Kile cha zamani kimepauka pamoja na wenzake.

Ndugu, hapa tusikilize sana. Wakati wa ugomvi kuna watu wanaokatwa: mama anaondolewa katika kwaya, mzee ananyang'anywa sanduku la sadaka kabla ya hesabu kutazamwa. Mara nyingi kipande hakikukatwa kwa kuwa ndicho kilichovuja. Kilikuwa tu juu ya mahali penye maji. Tusiharakishe kuweka mtu mwingine mahali pake. Kitazamwe kwanza. Kikiwa kimeoza kweli, wazee waseme wazi. Kikiwa kizima, waseme wazi vilevile, mbele ya watu walewale walioona kikikatwa.

4. Kiungwe kwa upole. Kikauke juu na chini. Manyoya yake yalale upande mmoja na ya zulia lote, la sivyo kitaonekana kama cha rangi nyingine. Chini ya mshono kuwe na ukanda wa kitambaa kigumu, nusu upande huu na nusu upande ule, wenye gundi. Kisha ubao na mawe mazito juu yake. Mtu asikanyage hapo mpaka gundi ishike. Hivi ndivyo tumpokee anayerudi: watu wa pande zote mbili wamshike, na tusimkanyage kwa mizaha wala kwa kukumbusha ya kale.

Mtume Paulo anatuagiza kumrejeza ndugu aliyekosa kwa roho ya upole. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo linalotumika katika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Ikiwa aliyekosa anatengenezwa kama wavu, je, si zaidi sana yule aliyekatwa bila kosa?

Alama ya mshono inaweza kubaki. Tusione haya. Waliovua viatu watapita juu yake, na miguu yao itakuta mahali pakavu.

Basi wazee wa kila parokia, kabla ya siku ya Mungu inayokuja, wahesabu waliokatwa, waende nyumbani kwao, wasiwangoje mlangoni.

Bwana awatie nguvu. Amina.