Maua ya Kutazamwa

Swali tulilokusudia kulizungumza katika kurasa hizi tuliulizwa na mzee mmoja, miaka mingi iliyopita, katika shule ya bweni nchini Uganda tulikokuwa tukifundisha Kiswahili. Alikuja siku ya wazazi, akasimama mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, akalitazama duara la waridi lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kisha akasema kwa upole: "Wanangu walimu, haya huliwa lini?" Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi. Lakini hakuwa akifanya mzaha. Mwanawe alikuwa akila posho na maharage Jumatatu hadi Jumapili, na kipande kile cha ardhi, chenye udongo mwema na maji karibu, kingeweza kutoa viazi vya kutosha meza kadhaa. Jibu hatukuwa nalo, nasi tukalificha kosa hilo kwa kumkaribisha chai.

Je, ni haki mtu kutenga ardhi, maji na jasho kwa ajili ya kitu cha kutazamwa tu? Na kama bustani ndogo ya nyumbani yaweza kusamehewa, tusemeje juu ya yale maonyesho makubwa ya maua ambayo watu husafiri kutoka mbali, wakalipa kiingilio, wakapanga mstari, ili waone kitu kitakachonyauka baada ya juma moja?

Wengi wetu tumezoea kujibu upesi kwamba haya ni mambo ya wageni. Twaona bustani ya Entebbe, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1898 kando ya ziwa, na twaihesabu kuwa anasa ya watawala. Jibu hilo halisimami. Kwanza, bustani ile haikuanza kwa ajili ya macho. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao, kama mpira, kahawa na kakao, ili ijulikane lipi litastawi katika nchi na kuleta fedha. Kutembea chini ya miti yake siku ya mapumziko, pasipo kutaka chochote kutoka kwayo, ni matumizi yaliyokuja baadaye. Pili, nani atakayewaambia watu wa mwambao kwamba kupenda maua ni jambo la kuazima? Asumini hutungwa, vikuba husukwa kwa asumini, mkadi na rehani, kilua hutiwa nguoni ili harufu yake ibaki. Tofauti ipo, lakini si hiyo. Ua la mwambao huvaliwa, hunuswa, hutandazwa kitandani, hutoka mkono wa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Katika maonyesho pana kamba, na nyuma ya kamba pana kibao: usiguse. Hilo ndilo geni kwetu, yaani ua lisilo na mwenyewe wa kulivaa.

Na tuanze basi na mahali ambapo jambo hili limefikishwa upeo wake. Katika mji wa Lisse, Uholanzi, iko bustani iitwayo Keukenhof, yenye eneo la hekta 32. Kila mwaka, kabla ya baridi kali kuingia, watunza bustani huzika ardhini kwa mikono matunguu yapatayo milioni 7, mengi yakiwa ya tulipu. Majira ya kuchipua yakifika, milango hufunguliwa kwa majuma manane hivi. Kisha milango hufungwa, matunguu hung'olewa, na kazi huanza upya. Jina la mahali hapo maana yake ni ua wa jikoni, kwa kuwa zamani palitumika kutafutia mahitaji ya jiko la ngome ya jirani. Mzee wetu angelipenda jina hilo, na pengine angeuliza jikoni pamekwenda wapi.

Sasa msomaji na akumbuke tarehe. Bustani hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1950. Miaka michache kabla, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kisifike katika miji ya magharibi ya Uholanzi, na watu wapatao 20,000 wakafa. Waliobaki walikula walichopata. Walikula matunguu ya tulipu. Waliyachemsha, wakayaponda, wakayapikia mchuzi, na walionusurika wamesimulia uchungu wake mdomoni. Kwa hiyo taifa hili lilipata jibu la swali la mzee kwa njia ambayo hatumwombei mtu yeyote: maua haya huliwa lini? Huliwa wakati wa njaa. Na watu wale wale, shibe iliporudi, hawakusema kwamba tangu sasa ardhi yote iwe ya viazi. Waliyarudisha matunguu ardhini na kuyaacha yachanue, na katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya 200,000 wakaenda kutazama.

Hatutaki kuwapamba kuliko wanavyostahili. Walioanzisha Keukenhof walikuwa wakulima na wauzaji wa matunguu, waliotaka wanunuzi wa nje waone bidhaa zao. Palikuwa na biashara tangu siku ya kwanza. Lakini biashara hueleza kwa nini muuzaji alipanga maua. Haielezi kwa nini mtu asiyekusudia kununua hata tunguu moja, aliyekula tunguu kwa lazima miaka mitano nyuma, alipanda gari kwenda kuyaona. Mtu huyo ndiye anayetushughulisha. Twadhani alikwenda kwa sababu mwenye njaa hawezi kulitazama tunguu la tulipu isipokuwa kama chakula, na yeye alitaka kujua kwamba ameacha kuwa mwenye njaa. Kuweza kukitazama kitu bila kukitaka ni sehemu ya utu ambayo njaa huiondoa mapema sana, na labda ndiyo huchelewa kurudi.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu, aliyatoa maua kuwa mfano wa uzuri ulio huru: uzuri tunaoupokea bila kuuliza kitu hiki ni cha kazi gani wala kinapaswa kuwaje. Ua lapaswa kuwaje? Hajui, isipokuwa mtaalamu wa mimea, na hata yeye hulisahau hilo anapolifurahia. Fikira hii yatupendeza, lakini yapata taabu mara iingiapo katika maonyesho yenye waamuzi. Maana mwamuzi anajua ua lapaswa kuwaje. Ndiyo kazi yake.

Hapa walimu wenzetu watasikiliza kwa sikio jingine. Katika maonyesho ya Chelsea mjini London, yanayofanywa mahali hapo tangu mwaka 1913 na chama cha wakulima wa bustani kilichoundwa mwaka 1804, bustani nzima hujengwa kwa majuma machache, hutazamwa siku chache, na hubomolewa. Nishani ni za ngazi nne: dhahabu, fedha iliyochovywa dhahabu, fedha, na shaba. Lakini bustani hazishindanishwi ili apatikane wa kwanza na wa mwisho katika mstari. Kila moja hupimwa kwa kipimo kilichowekwa, na kwa maelezo ambayo mtunzi wake aliyaandika kabla, akisema alikusudia kufanya nini. Zikifika kumi kiwango cha dhahabu, kumi zitapata dhahabu. Sisi tuliosahihisha insha kwa miaka, tukimpanga mtoto wa thelathini na tisa nyuma ya wa thelathini na nane, tuna la kujifunza kwa hao wapandaji maua. Ni mara ngapi tulimwuliza mwanafunzi alikusudia kusema nini kabla ya kumpa alama?

Liko lawama moja ambalo hatuwezi kulipita upesi, nalo latuhusu kwa karibu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alimpelekea babake huko Ulaya ua dogo la zambarau linaloota penye kivuli na unyevu, juu ya miamba ya misitu ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, na mwaka huo huo likaonyeshwa katika maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Tangu hapo limesambaa duniani, likawa pambo la madirisha katika nchi ambazo wenyeji wake hawajapata kusikia habari za Usambara. Jina lilimtaja ofisa na babake. Halikuutaja mlima wala Wasambaa. (Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi nyingine, hivi kwamba hata heshima ile ya kitaalamu imepungua.) Wakati huo wote misitu liliyotoka imekuwa ikikatwa, na aina zake kadhaa zimo hatarini kutoweka porini. Maonyesho hulitwaa ua na kuacha mlima. Anayelimwagilia maji dirishani mwake anaweza kuamini kwamba lilizaliwa chunguni. Hata hivyo, kama lisingetoka Usambara, watu wangapi leo wangelitetea jabali lile lenye unyevu? Hatujui kuzipima hasara mbili hizi katika mizani moja, na twamshuku anayedai kuzipima.

Kosa letu wenyewe lilikuwa dogo kuliko hilo, lakini lilikuwa letu. Shule ile ilipokuwa ikingojea mkaguzi, wanafunzi walitolewa darasani siku mbili kupalilia na kupaka mawe chokaa. Waridi zilizokufa ziling'olewa usiku, na vyungu vikaazimwa kwa jirani mwenye kitalu, vikafukiwa hadi shingo ili vionekane vimeota hapo. Mkaguzi alisifu. Kesho yake vyungu vilirudishwa, yakabaki mashimo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bustani ya Chelsea nayo hubomolewa, ila kila apitaye anajua kwamba itabomolewa, na katika miaka ya karibuni nyingi kati yake huhamishiwa hospitalini, shuleni na mahali pengine pa watu wote. Sisi tulimwonyesha mtu kitu ili asione kingine, na tuliwatumia watoto kukificha. Mzee alikuwa amelitazama duara lile mwaka mmoja kabla, lilipokuwa bado hai.

Siku ile, baada ya chai, kabla hajaondoka, aliomba tawi la waridi la kupanda. Tulimkatia. Alilifunga kwa jani la mgomba lililoloweshwa maji, akalishika wima kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine, akateremka kuelekea kituo cha basi. Hatukumwuliza atalipanda wapi.